Nesi Tulia Ni Mimi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku ya tisa tangu niwe baba. Siku ya nane tangu nihamishwe nyumbani kwangu.

Naandika haya nikiwa dukani, chini ya bango langu mwenyewe: MWANDAWIRO TEKNOLOJIA, SIMU NA KOMPYUTA, SOFIA, VOI. Nyuma ya kaunta kuna godoro. Juu ya godoro kuna mimi. Sababu ni mama mkwe. Ametoka Maungu kuja kumtunza Peris, mke wangu, baada ya kujifungua. Mama mkwe ni Mkamba wa zamani, na Wakamba wa zamani wana kitu wanakiita nthoni. Maana yake mimi na yeye hatupeani mkono, hatutazamani, hatuzungumzi, na hatulali chini ya paa moja. Akiingia, mimi natoka. Nikitaka kuingia, nakohoa mlangoni, naye anatokea mlango wa jikoni. Sisi Wadawida, yaani Wataita, tuna heshima pia, lakini heshima yetu haimfukuzi mtu kitandani mwake.

Binti yangu nimempa jina la marehemu mama yangu, Wakesho. Kwa hivyo namwita Mama. Nimemshika mara tatu. Mara zote tatu amelia.

Leo Peris ameniambia habari mbaya. Daktari alitaka wakae karibu na kliniki kwanza, lakini Jumapili ya tarehe 16 mama yake anarudi Maungu kupanda kabla ya mvua, na anataka kwenda nao wote wawili. Mpaka mtoto aanze kukaa. Miezi sita! Eti baba anamshika mtoto kama kioo cha simu kilichopasuka. Peris amesema yeye angependa kubaki Voi na mimi, ila hana nguvu ya kubishana na mama yake. Ni juu yangu kumwonyesha mama mkwe kwamba naweza kulea.

Nitamwonyesha. Nitaunda app.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imeanza. Sijafungua duka hadi saa tano. Wateja wawili wamegonga, nikawaambia fundi yuko kwenye utafiti.

App ni ya wazazi wapya. Ndani yake kuna roboti ya kujibu maswali. Mzazi anaandika shida yake, roboti inamjibu papo hapo, kwa upole, kwa Kiswahili. Nimeipa jina Nesi Tulia. Roboti yenyewe nimeiunganisha na kampuni moja ya ng'ambo inayokupa siku tatu za kujaribu bure. Na kwa ajili ya siri za watu, app haionyeshi jina wala namba ya mzazi. Kila mmoja anakuwa Mzazi 001, Mzazi 002, na kuendelea. Najivunia sana jambo hilo.

Kisha Mungu naye akaweka mkono. Kwenye mlingoti mbele ya duka kumebandikwa tangazo: Mashindano ya Wabunifu wa Voi, Jumamosi tarehe 15, ukumbi wa kanisa. Mshindi anapata cheti. Siku moja kabla ya Maungu! Nitashinda, nitakiweka cheti kwenye fremu, Peris atakitundika sebuleni. Hakuna mama mkwe duniani anayeweza kubishana na fremu.

Ronald wa duka la pili naye anashindana. Yeye anauza kava za simu. App yake inapima uzito wa mbuzi kwa picha. Ameniuliza mimi na watoto wapi na wapi. Nimemjibu kwamba mimi ni baba. Ameniuliza basi mbona nalala dukani.

Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Majaribio ya kwanza. Nimekohoa, mama mkwe akatoka na ndoo, nikaingia. Nimemwekea Peris app kwenye simu yake na kumwomba amuulize Nesi Tulia swali lolote. Ameuliza afanye nini, maana mtoto hatulii mchana.

Nesi Tulia akamshauri amvalishe mtoto soksi za sufu, afunge madirisha, na asimtoe nje mpaka theluji iyeyuke.

Voi! Mwezi wa tatu! Saa nane mchana, hata mijusi imejificha chini ya matangi!

Peris alicheka mpaka akashika tumbo. Akaniomba nisimchekeshe tena, nyuzi bado zinauma. Amesema yeye hana wakati wa kuchezea app, ila nisiitoe kwenye simu, ina picha nzuri ya kifaranga. Nilimchukua Mama nimtulize mwenyewe. Akaangalia ndevu zangu. Akalia. Nikakumbuka kuna mteja dukani.

Jioni nikapata ujumbe kutoka ng'ambo kwamba siku zangu tatu zimekwisha. Roboti imezimwa.

Nimekaa na tatizo hili sahani nzima ya maharagwe. Kisha nikapata jibu. Kwani roboti ni nini? Ni kitu kinachosoma swali na kuandika jibu. Mimi najua kusoma. Najua kuandika. Nimeirekebisha app maswali yote yaje kwenye simu yangu. Kuanzia leo Nesi Tulia ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimebandika karatasi kwenye geti la kliniki. Watumiaji watatu! Simu yangu haitulii.

Mzazi 001 ni mwalimu wa Wundanyi. Ameuliza kama kwikwi ya mtoto ni hatari. Nimemwambia aende kliniki. Ameuliza kama mtoto kupiga chafya ni hatari. Kliniki. Ameuliza kama mtoto kutabasamu usingizini ni hatari. Hapa nilisita, kisha nikaandika kliniki.

Mzazi 002 ni mama wa Sagalla. Amesema mtoto halali kwa sababu ndovu wako kwenye shamba la mahindi na watu wanapiga madebe. Nimemjibu kwamba Nesi Tulia anashauri utulivu. Amenijibu nije nitulie mimi.

Mzazi 003 hajajitambulisha. Anaandika polepole, maneno machache, bila hata kusalimu. Swali lake la kwanza: "Mwanaume wa Kitaita akiwa na huzuni, anapikiwa nini?" Si swali la watoto, lakini Nesi Tulia habagui. Nilijibu bila kufikiri. Kimanga. Maharagwe na mihogo, vipondwe pamoja vikiwa moto, na kitunguu kilichokaangwa juu. Kama alivyopika marehemu mama yangu nikitoka shule. Nikajikuta nimeandika mistari kumi, na kamasi zinanitoka. Nikafuta hiyo ya mama. Roboti haina mama.

Jumapili, 9 Machi

Ajabu ya mwaka! Chakula changu huwa kinawekwa dirishani, kimefunikwa kwa sahani, nami nakula nikiwa nimesimama nje ya nyumba yangu. Leo nimefunua. Kimanga!

Mihogo ilikuwa migumu kidogo na kitunguu kimeungua upande mmoja. Nilikula nikalamba kijiko. Peris wangu ananijua! Mwanamke amelala kitandani na nyuzi na bado anafikiria mumewe anatamani nini. Nimemshukuru kupitia dirishani. Amesema hajui naongea juu ya nini, alikuwa amelala tangu asubuhi. Unyenyekevu wa namna hiyo ni nadra.

Nikiwa hapo hapo dirishani na mdomo umejaa, simu ikalia. Mzazi 003 tena. Ameuliza kama chakula kikiwa kigumu mtu anaweza kuumwa na tumbo. Nimejibu haraka kwamba hapana, ugumu kidogo unaimarisha meno. Sekunde ile ile nikasikia mtu ndani akicheka. Sauti ya mtu mzima. Sikujua mama mkwe huwa anacheka.

Nesi wa kliniki amenisimamisha barabarani. Ameuliza ni nani anayemtumia watu wenye kwikwi. Nimesema nitachunguza.

Jumatano, 12 Machi

Mazungumzo marefu na Mzazi 003. Nayaandika hapa kwa sababu yamenigusa.

Amesema ana mkwe. "Si mtu mbaya. Lakini anaogopa mtoto. Akipewa, anakumbuka ana kazi." Nimemjibu kama mtaalamu. Nimesema mwanaume wa namna hiyo ni mwoga na anajificha nyuma ya kazi, na familia isimlee ulegevu. Ameniuliza kama mtu kama huyo anaweza kufundishwa. Nimesema anaweza, lakini lazima aambiwe ukweli, bila kuzungushwa. Amesema yeye hawezi kuzungumza naye, mila hairuhusu. Nimesema basi amwandikie.

Akajibu, "Nishaanza."

Nimemhurumia sana mama huyo. Mkwe kama huyo ni mzigo. Kuna familia zina shida, jamani. Ukisikia za wenzako unashukuru zako.

Ronald amepita kuniuliza app yangu imefika wapi. Nimemwambia ina watumiaji waaminifu. Ameniuliza wangapi. Nimemwambia haisaidii kuhesabu watu.

Alhamisi, 13 Machi

Kliniki. Mama ameongeza uzito, Peris amepona vizuri, daktari amesema sasa wanaweza kusafiri. Daktari alisema hivyo akitabasamu, kana kwamba ni habari njema.

Nimerudi nyumbani nikakohoa. Peris alikuwa ameanza kukunja nguo na kuzipanga kwenye begi kubwa la safari. Alinipa Mama. Nilimshika. Ana joto, ana harufu ya maziwa, na shingo yake haina nguvu kabisa, kichwa kinakwenda kinakotaka chenyewe. Nikafikiria nitamwangusha, nikafikiria nitamwangusha, nikamrudisha. Nikasema nimesikia mteja. Peris akasema duka liko mtaa wa tatu kutoka hapa, nimesikiaje mteja.

Ukweli niuandike, shajara hii haisomwi na mtu. Naogopa. Naweza kufungua simu ndogo kama kiganja nikaunga waya usioonekana kwa macho. Mtoto hafungwi kwa skrubu. Mama yangu angekuwepo angeniwekea mkono wake juu ya mkono wangu, akanionyesha. Hayupo. Na mama aliyepo haruhusiwi hata kunitazama. Nikiwapoteza Jumapili, nitarudi kwenye nyumba yangu na kitanda changu, na humo ndani kutakuwa na mimi tu.

Basi ni lazima nishinde Jumamosi.

Kisha nikakumbuka jambo. Jumamosi nitakuwa jukwaani. Mimi nikiwa jukwaani, nani atakuwa Nesi Tulia?

Nimerudi dirishani kumwomba Peris. Ikabidi nimwambie siri yote. Hakushangaa hata kidogo, jambo ambalo limenishangaza mimi. Amekubali. Maswali ya waamuzi yatakwenda kwenye simu yake, yeye atajibu akiwa kitandani. Sharti ni moja, nikimaliza nije nyumbani moja kwa moja.

Jumamosi, 15 Machi

Nimevaa shati jeupe. Ukumbi umejaa mpaka nje.

Ronald ametangulia. Hakukuja na mbuzi, kwa hivyo mwamuzi mkuu alijitolea kupigwa picha. App ikasema beberu, kilo thelathini na nane, afya ya wastani. Nilicheka kuliko inavyompasa mshindani.

Kisha mimi. Nilizungumza dakika kumi juu ya uzazi wa kisasa. Nikarusha ukurasa wa Nesi Tulia kwenye ukuta, mkubwa, kila mtu asome. Mwamuzi wa kike akachukua kipaza sauti na kuuliza: mtoto wa wiki tatu analia kila jioni bila kukoma, mzazi afanye nini? Nikaandika swali. Kisha jibu likaanza kutokea ukutani, polepole, maneno machache.

"Mlaze begani. Mpigepige mgongo taratibu. Usimpe dawa ya dukani. Akiwa na joto ama akikataa kunyonya, kliniki siku hiyo hiyo."

Makofi! Wamama wa nyuma wakasema hapo sawa. Nikainama kama waziri. Mwamuzi akauliza la pili: na baba wa mtoto, afanye nini?

Jibu la pili likaja.

"Baba awache maneno ya maikrofoni arudi nyumbani. Maji ya kuosha mtoto yako moto. Na asipitie soda, chakula kiko."

Ukumbi ulivunjika mbavu kwa kicheko. Ronald alianguka kwenye benchi. Mimi nilisimama nikisoma ukuta. Peris hajawahi kuniita baba. Peris huandika haraka, na haachi kuweka vikatuni vya kucheka. Nilisoma tena. Maneno machache, bila salamu. Mzazi 003.

Kimanga. Mkwe mwoga. Nishaanza. Mungu wangu, nilimwambia asilee ulegevu wangu!

Sikungoja matokeo. Baadaye nimesikia ameshinda Fridah, mkulima wa ndizi kutoka Mata, kwa kifaa cha kupima unyevu wa udongo. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, natembea kwa haraka kupitia stesheni, shati limenigandama mgongoni.

Peris aliningoja mlangoni. Ameniambia kila kitu akicheka na kunipangusa jasho. Mama yake ndiye aliyekuwa akiitumia app kwenye simu ya Peris, na alijua tangu siku ya kimanga. Alipotuma ujumbe, simu yangu ililia nje ya dirisha. Eti mama yake alisema mila imekataza kuongea na kutazamana, lakini haikusema lolote juu ya kifaranga kwenye simu.

Karai lilikuwa chini sakafuni, maji yanatoa mvuke. Mama alikuwa amelala juu ya leso. Kupitia mlango wa jikoni nilimwona mama mkwe nje, ameketi kwenye kigoda, ametupa mgongo, simu ameishika mbali na macho. Nami nikaangalia pembeni, kama inavyotakiwa. Simu yangu ikalia.

"Tia kiwiko kwenye maji."

Nikatia. Yalikuwa moto. Nikaongeza ya baridi kutoka mtungini. Akaandika nishike shingo kwa mkono wa kushoto, kichwa kilale kwenye mkono. Nikashika. Mama akalia. Ujumbe: "Hapo umeshika bega. Panda juu." Hakuwa amegeuka hata mara moja. Alikuwa anasikiliza mlio tu, na kwa mlio anajua mkono wangu uko wapi! Peris alikuwa ananisomea, maana mikono yangu miwili ilikuwa kazini. Pole pole. Kifua kwanza. Usiogope, maji hayali mtoto. Sasa mgongo. Geuza. Usimwage sabuni machoni.

Kisha Mama akanyamaza. Alifungua macho ndani ya maji akanitazama, huku kichwa chake chote kimelala kwenye kiganja changu. Safari hii sikusikia mteja yeyote. Nililia. Naandika wazi kwamba nililia, machozi yakaingia kwenye karai, na Peris naye akalia, na hakuna aliyejua ni nani anamfariji nani.

Nilimfuta, nikampaka mafuta, nikamfunga kwenye leso. Simu ikalia mara ya mwisho.

"Sawa."

Neno moja tu. Sijawahi kupata cheti kama hicho.

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe ameondoka asubuhi. Peke yake. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikitazama miti, kwa heshima, yeye akipanda gari la Maungu. Nikamwandikia safari njema, na asante, na maneno mengine ambayo hayahusu watu wengine. Alijibu nimnunulie Peris maini na nisimpe mtu mtoto akiwa na mafua.

Peris amerudisha nguo kabatini. Nimelala mchana kitandani mwangu na Mama kifuani. Hakulia. Mate yake yameharibu lile shati jeupe, na sitalifua.

Jumanne, 18 Machi

Nimetafakari mambo ya wiki hizi mbili na nimepata funzo kubwa.

App inafanya kazi!

Kilichokosekana ni watumishi tu. Nimemwandikia mama mkwe kumpa nafasi ya Nesi Mkuu: awe anakaa kwenye simu kwa saa nne kila siku, kuwajibu wazazi wa kaunti nzima. Amejibu, "Napanda kunde." Nimelichukua kama ndiyo, baada ya kunde. Mzazi 001 nimemwahidi jibu la swali lake jipya, kama ni hatari mtoto kupiga miayo.

Ronald naye amekuja, tumesahau ya nyuma. Tunaunganisha nguvu. App yake itapima uzito wa watoto kwa picha, wazazi wasipange foleni. Tumempima Mama. Ametoka mbuzi jike, kilo nne. Kliniki walisema nne na robo. Karibu kabisa! Tumebakiza suala la mbuzi.

Hapa nipo sebuleni, meza imejaa michoro, mambo yanakwenda. Peris ameniita kutoka jikoni. Amesema mtoto ameloa na yeye yuko kwenye ugali, nimbadilishe. Nimemwomba atume ombi hilo kupitia app, nipate kupima kasi ya mfumo mpya. Nimeshika simu, nangoja. Dakika moja. Dakika mbili. Nimemsikia akizima jiko na kupita kwenda chumbani, na sasa nasikia zipu ya lile begi kubwa la safari. Nepi huwa tunaziweka kabatini, lakini pengine amezihamishia humo.